Amerudi kutoka soba, nami nimekuta sindano

SWALI: Mwanangu alikaa soba, nyumba ya kuwasaidia watu waache heroini, miezi minne, akarudi amenenepa na mwenye furaha. Juzi, nikifagia chumba chake, nilikuta bomba la sindano chini ya godoro. Baba yake anataka kumfukuza, na shemeji anashauri tumfungie ndani mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, iishe. Nimesikia habari za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ila majirani wanasema ni unga wa serikali. Nifanyeje? — Mama, Temeke, Dar es Salaam.

JIBU: Pole sana, mama. Lililo la haraka kuliko yote ni kwamba katika miezi ile minne mwili wake umepoteza uzoefu wa heroini, na kipimo alichokimudu zamani leo kinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana majuma ya kwanza baada ya kutoka soba au gerezani huwa ya hatari kubwa, hasa kwa anayetumia peke yake nyuma ya mlango wenye komeo. Ukimfukuza anarudi kijiweni, na ukimfungia, siku atakayotoka uzoefu huo utakuwa umepungua zaidi.

Basi ondoeni hilo komeo. Zungumza naye akiwa ametulia, bila kumwita teja. Mwambie umeiona sindano, na kwamba akishindwa kujizuia asitumie peke yake, asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi kama valiamu, na asichangie sindano na mtu. Baba yake huenda akaiona hiyo ni ruhusa. Mimi naona kijana anayejificha hana wa kumwokoa.

Mkimkuta anakoroma isivyo kawaida, anapumua kwa nadra, midomo na kucha zimekuwa za kijivu, wala haamki hata mkimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa, ambayo yanaweza kuingia mapafuni. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi moja mdomoni kila baada ya sekunde 5 huku usafiri ukitafutwa. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuzeni alale ubavu. Hospitalini semeni wazi kuwa ni heroini, ili apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, na msiondoke naye upesi, kwa kuwa nguvu ya naloksoni inaweza kwisha kabla ya ile ya heroini.

Kuhusu methadoni, majirani hawajakosea kabisa, kwani ni dawa ya jamii moja na heroini. Hata hivyo hunywewa, haidungwi. Kipimo huongezwa polepole chini ya uangalizi, nacho kikishatulia huzuia arosto kwa siku nzima bila kumlewesha, akaweza kwenda kazini. Hutolewa bila malipo Muhimbili tangu 2011, na hapo Temeke pia ipo. Kama anatumia dawa za kifua kikuu awaeleze wahudumu, maana mojawapo, rifampisini, hupunguza nguvu ya methadoni.

Sindano hiyo usiirudishie kifuniko chake wala usiitupe jalalani: itie katika chupa ngumu ya plastiki, uifunge, uipeleke kituo cha afya.