Sokoni na mtoto aliyeanza kutembea

Mdogo wangu, hongera na pole kwa pamoja. Umesema wako ana miezi 13, ameanza kutembea juzi juzi, hataki tena kubebwa, na unaogopa kwenda naye soko la Sabasaba hapa Dodoma. Unauliza kama umfunge kamba mkononi.

Mkononi usimfunge. Kiwiko cha mtoto wa umri huo huteguka kwa mvuto mmoja wa ghafla, hata ule wa kumnyanyua mkono mmoja avuke mtaro. Ukitaka kumfunga, pitisha kanga kifuani chini ya makwapa, fundo liwe mgongoni, ncha ushike wewe. Watakucheka kwamba unachunga mbuzi. Waache, bodaboda hazichekeshi.

Mimi wangu nilimweka mgongoni tangu nashuka kwenye daladala mpaka nimalize nyanya na vitunguu. Alilia, ndiyo. Kutembea alitembea jioni, uani kwetu.

Ila kinachonitisha zaidi ni hapo nyumbani. Dodoma maji yakitoka tunakinga kila chombo, na mtoto anayeyumba hivyo akiinamia ndoo, kichwa ndicho kizito: anatumbukia miguu juu, wala hapigi kelele. Maji ya kina cha vidole vinne yanatosha kumzamisha. Funika kwa mfuniko wa kubana, au weka ndoo chumba chenye komeo. Jiko la mkaa usiliache chini akiwa peke yake.

Na ukimwachia mtu, mtaje: "Wifi, mtoto yuko kwako." Mkiwa watano uani, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeangalia.