Kuranda Usiku Mjini Kigoma

Mtu anayetembea usiku bila safari hana jina zuri katika Kiswahili: akiwa na bahati ataitwa mzururaji, na asipokuwa nayo ataitwa mwanga. Kwa kuwa ninaishi Mwanga, juu ya mji wa Kigoma, utani huo nimeusikia vya kutosha tangu nilipoanza, miaka saba iliyopita, kutoka nyumbani saa tatu usiku na kurejea saa tano, bila kutumwa wala kumfuata mtu. Nilianza kwa kukosa usingizi baada ya kufiwa na kaka yangu. Usingizi ulikwisha kurudi zamani, lakini matembezi sikuyaacha.

Anayetaka kujaribu na aanze kwa kuutazama mwezi. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga hutoka usiku wa giza, kwa sababu taa zao huwavuta dagaa vizuri pale tu zisiposhindana na mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, wengi wao hubaki nchi kavu na kushona nyavu. Kwa hiyo mji huu una aina mbili za usiku, na mimi hupendelea ule wa giza. Ukisimama juu ya barabara ya Lumumba, kabla haijaanza kuteremka kuelekea stesheni, ziwa lenyewe hulioni kabisa, bali unaona taa zilizotapakaa mbali sana majini, hata usiweze kusema kwa hakika ipi ni taa ya mwisho na ipi ni nyota ya kwanza. Wazee hukumbuka enzi za karabai. Siku hizi taa nyingi ni za betri, na sina hakika kama dagaa wamejali. Wakati wa mvua huongezeka kitu kingine: radi zinazomulika upande wa Kongo, mbali mno kiasi kwamba ngurumo yake haifiki, nawe unabaki ukitazama milima ikitokea na kutoweka kimya kimya.

Hayo yote yatakupita ukiwasha tochi ya simu. Macho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza, na kutupa jicho mara moja kwenye kioo cha simu kunatosha kuivuruga kazi hiyo yote. Mara moja tu nimeanguka mtaroni, na siku hiyo simu ilikuwa inawaka mkononi, kwa kuwa nilikuwa nikisoma ujumbe. Pita njia yako mchana kwanza, ujue mitaro na mashimo yake, kisha usiku iache miguu ikumbuke. Ukitaka kuona kitu hafifu, kwa mfano nyota za Kilimia, usikikodolee macho. Tazama pembeni yake kidogo, nacho kitajitokeza, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona vizuri gizani haipo katikati.

Pua nayo ina kazi yake. Mchana, upepo wa ziwa hupanda mjini na kutuletea harufu ya dagaa walioanikwa. Usiku, kwa kuwa ardhi hupoa upesi kuliko maji, upepo hugeuka na kushuka ziwani. Ninapoteremka Lumumba, hewa huteremka nami, ikiwa imebeba moshi wa kuni, mawese yaliyochemka na, msimu wa maembe unapofika, utamu wa matunda yaliyopasuka chini ya miti wanayogombania popo. Nikifika stesheni, mahali ambapo reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914 baada ya zaidi ya kilomita 1,200, huwa nageuka. Sishuki hadi ukingoni mwa maji usiku, wala sikushauri ufanye hivyo, kwa maana ziwa hili lina mamba na viboko.

Zaidi ya mamba, hata hivyo, jiandae kukutana na watu. Mwaka wangu wa kwanza, vijana wa ulinzi wa mtaa walinisimamisha.

"Mzee, shikamoo. Unatoka wapi?"

"Marahaba. Nyumbani."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na yalinigharimu saa nzima kwenye benchi hadi jirani yangu alipokuja kunitambua. Sikuwalaumu. Asubuhi yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikajieleza, nikawasalimu pia walinzi wa maduka mmoja mmoja, na tangu hapo hutoa salamu nikiwa bado mbali, kama anayepiga hodi barabarani. Beba kitambulisho, mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita, na usisimame chini ya dirisha la mtu hata kama mazungumzo ya ndani ni matamu. Lazima niseme pia kwamba uhuru huu haukugawanywa sawasawa: mke wangu hupenda matembezi haya kuliko mimi, lakini hayafanyi peke yake, na usiku anaotaka kutoka mimi hukubali kwenda mwendo wake, ambao ni wa polepole zaidi na, nakiri, huona mengi zaidi.

Kurudi ni kupanda mlima, kwa hiyo hupumzika kwa muuza kahawa karibu na soko la Mwanga. Yeye hawezi kuliacha jiko lake, na mahali alipokaa ziwa halionekani, akiniona tu huuliza, "Wametoka?" Nami humweleza kama taa zilikuwa nyingi au chache, maana bei ya dagaa ya kesho imo humo. Kikombe cha kwanza hanilipishi.