Stenlesi ngumu haikubali kunoleka? Angalia jiwe kabla hujalaumu mkono wako

Swali hili naulizwa sana na wapenzi wa visu vya kukunja: kisu nimekinunua kizuri, chuma ghali, kikiwa kipya kilikuwa kinanyoa hadi nywele za mkono, sasa kimekuwa butu na nikikinoa nasugua mpaka bega linauma na makali hayaji. Mtu akifika hapo anaanza kuamini hajui kunoa. Mara nyingi mkono wake hauna shida yoyote, jiwe ndo halimudu kile chuma.

Iko hivi. Vyuma kama S30V, S90V au M390 ugumu wake hauishii kwenye ile namba ya Rockwell (kipimo cha ugumu wa chuma) mnayopenda kutambiana. Ndani yake kuna punje ndogo sana zinaitwa kabaidi, na za vanadiamu ndo wakorofi wenyewe. S30V ina vanadiamu asilimia 4 hivi, S90V inafika 9. Kwa kipimo kingine cha ugumu, cha Vickers, kabaidi ya vanadiamu inaenda mpaka kwenye 2,800, halafu aluminiamu oksaidi, ambayo ndo imejaa kwenye mawe mengi ya maji na ya seramiki, iko kwenye 2,000 na kidogo, kwa hiyo jiwe linakula chuma kilichozizunguka zile punje lakini punje zenyewe linateleza juu yake. S30V bado utainoa kwa jiwe zuri la kawaida ukiwa na subira, mi nimefanya na inakubali. S90V, utazeeka hapo. Mawe ya asili ya Arkansas kwa vyuma hivi yaache kabisa, hayo ni silika tu, kwa kisu laini kama vile vya Victorinox yanatoa makali matamu sana, ila kwa M390 utakuwa unaipapasa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni almasi, sizunguki. Ugumu wake unazidi ule wa kabaidi ya vanadiamu zaidi ya mara mbili, haina mjadala. Na kwa mtu anayeanza chukua pleti, yaani bapa la chuma lenye vumbi la almasi lililogandishwa juu kwa nikeli. Halichimbiki katikati kama mawe ya maji, hulilowanishi saa nzima, unaweka matone ya maji na kasabuni kidogo unaanza kazi. Likiwa jipya litakwaruza vibaya kwa sababu kuna punje zimechomoza kuliko wenzake, hizo zikishakatika linatulia, na hapo ndo watu wanalitupa wakidhani limeisha wakati ndo kwanza limekaa sawa!! Kitu kinacholiua ni kukandamiza. Almasi iko tabaka moja tu pale juu, ukibonyeza kwa hasira unaing'oa na hairudi, kwa hiyo uzito wa kisu na vidole viwili vinatosha. Kuna mawe mengine ya almasi iliyochanganywa na gundi ngumu, yanakata vizuri zaidi na laini zaidi, lakini bei yake iko juu na yanataka kusafishwa uso mara kwa mara ili yaendelee kukata, hayo nunua ukishanogewa.

Namba za ulaini wa jiwe zisikutishe wala zisikudanganye. Namba 1000 ya Kijapani siyo 1000 ya Kizungu, na kuna watengenezaji wanaandika tu, bora uangalie maikroni, yaani ukubwa wa punje, kama zimeandikwa. Pleti ya punje kubwa ya kurudisha makali iwe kwenye maikroni 45 hivi, laini ya kumalizia kati ya 25 na 9, basi, mbili zinatosha. Mi makali ya kung'aa kama kioo kwenye kisu cha mfukoni siyaelewi, ukikata kamba au boksi yale yenye kaukwaruzo kidogo yanashika vizuri zaidi. Urefu wa pleti usishuke chini ya sentimita 15, vile vijiwe vya kuning'iniza kwenye funguo ni vya dharura.

Ukishakuwa nayo, chukua maka peni upake wino kwenye makali pande zote, pitisha mara mbili tatu halafu angalia. Wino umebaki kule ukingoni kabisa mwa makali? Umelaza kisu mno, inua kidogo. Umetoka ukingoni tu na juu umebaki? Umeinua mno. Endelea upande mmoja mpaka uguse upande wa pili usikie kaunywele ka chuma kamejikunja, pitisha kidole kutoka mgongo wa kisu kwenda nje, usipitishe kwa urefu wa makali utajikata. Hako kaunywele kasipotokea kuanzia kitakoni mpaka nchani usigeuze, na hapo ndo wengi wanakosa uvumilivu. Ukishamaliza pande zote pitisha kwa kubadilisha, huku moja kule moja, mkono mwepesi kabisa, afu malizia kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya almasi ya maikroni 1. Ile dawa ya kijani ya kung'arishia inafanya kazi ila kwa vyuma vya vanadiamu inaenda polepole mno.

Na kabla hujatoa hela soma maandishi kwenye ubapa wa kisu. Kama umekuta 8Cr13MoV au 14C28N, vyuma vinavyonoleka kirahisi, huhitaji haya yote, jiwe la kawaida la pande mbili litakufaa vizuri tu.