Kutoa AC na hita ili gari liwe jepesi
Ndugu unayeuliza kama utoe vyote viwili, kama gari ni la mashindano tu toa AC ila hita iache. Uzito uko kwenye AC, ukitoa kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC), kondensa (ile kama redieta ndogo iliyo mbele ya redieta ya injini) na mabomba yake magari mengi unapunguza kama kilo 15 hadi 20, tena nyingi ziko mbele kabisa ya gari, na redieta nayo inapata upepo vizuri. Gesi ya AC usiifungulie hewani, fundi aivute kwa mashine kwanza, na mara nyingi itabidi utafute mkanda mfupi wa injini, ule uliokuwa unazungusha kompresa, maana ule wa zamani hautakaza. Hita yenyewe nyepesi tu, ukiitoa na feni yake siku ya mvua kioo cha mbele kinajaa ukungu kona huioni, hiyo ni hatari kweli.