Jibu: Mwisho mbaya kwenye Resident Evil Revelations 2

Habari mkuu. Nimekusoma, umemaliza gemu ya Revelations 2 na kila ukirudia bosi wa mwisho (adui mkubwa wa kumalizia) unapata mwisho uleule mbaya, Moira, yule binti anayekuwa na Claire, hatokei kumuokoa babake Barry. (Ambao hamjamaliza msisome.)

Cha kwanza kacheki episodi ya 3 upande wa Claire (kila episodi ina sehemu ya Claire na ya Barry), pale mwishoni kabisa kwa Neil, bosi wake Claire kazini aliyegeuka zimwi. Tatizo liko hapo, kwa bosi wa mwisho utarudia mpaka pedi ife. Neil akimbana Claire chini, bastola iko pembeni na gemu inakuonyesha ubonyeze kitufe Claire aifikie, sasa wengi tunabonyeza tu kama wehu na ndo inakula kwako. Usihangaike na Claire, bonyeza kile kitufe unachobadilishia wahusika siku zote uwe Moira, yeye ndo aiokote na ampige Neil.

Gemu haikwambii lolote hapo, ila ukifikiria ina maana, Moira aliwahi kumpiga risasi mdogo wake Polly kwa bahati mbaya na tangu hapo bunduki hagusi, ndo maana muda wote yuko na tochi na mtaimbo.

Huna haja ya kuanza upya, ingia kwenye kuchagua episodi, cheza hiyo ya Claire halafu unganisha ya 4 yote mpaka mwisho, usiruke. Mimi nilichezea PS4, Xbox sijashika.

Ukimaliza cheza na The Struggle, episodi ya ziada ya gemu hiyohiyo, utaona Moira aliishije miezi 6 kisiwani na mzee Evgeny. Risasi chache mno, jiandae.