Barua kwa mwanangu: maji yaliyomo ndani ya jiwe

Mwanangu Elia,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili baada ya ibada, nikaurudia tena usiku. Unasema Amani alikuuliza bibi alikuwa akifanya kazi gani, ukamjibu kuwa bibi alikuwa anasoma mawe, naye akataka kujua kama mawe yana maandishi. Ukakosa la kumwambia. Halafu ukaongeza la kwako: kwamba tangu utotoni ulijiuliza kwa nini mama aliuacha mlima wetu hapa Moshi, akaenda kutafuta mawe Ugiriki, na kwa faida gani. Swali la Amani ni jepesi kuliko lako, kwa hiyo naanza na lake.

Mwambie kuna sehemu duniani ambako sakafu ya bahari inazama. Japani, Chile, Indonesia. Bamba zito la bahari, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia, linaingia chini ya bamba jirani na kushuka, pale Japani kwa kasi ya sentimita 8 hivi kwa mwaka. Bamba hilo limekaa majini kwa mamilioni ya miaka, na mawe yake yamekunywa. Sisemi yamelowa kama udongo wa shamba la migomba. Maji yameingia kwenye umbile la madini yenyewe, hidrojeni na oksijeni zikafungwa humo ndani, kiasi kwamba hata ukilisaga jiwe unga wake ni mkavu. Kuna madini ya kijani yanayoitwa serpentini, yanateleza mkononi kama sabuni. Chukua serpentini yenye uzito wa mifuko miwili ya saruji, kilo 100: takriban kilo 13 ni maji. Zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20, ndani ya jiwe kavu. Amani atalishika hilo vizuri, amekwisha kubeba ndoo.

Bamba likizidi kushuka, joto na mgandamizo vinapanda mpaka madini yanashindwa kuyashikilia maji yake. Yanavunjika, yanazaliwa mengine makavu, na maji yanafukuzwa kwenda juu, kwenye manteli, tabaka nene la mawe lililo chini ya ganda la dunia, ile sehemu yake iliyolala juu ya bamba. Mawe ya huko ni ya moto sana lakini hayajayeyuka. Maji yakiyafikia, mawe hayo yanayeyuka kwenye joto la chini kwa mamia ya nyuzi kuliko yangehitaji yakiwa makavu. Ndiyo maana volkano za Japani na za Andes zimejipanga mstari, na chini ya nyingi kati yake bamba linalozama liko kwenye kina cha kilomita 100 hivi. Miaka yote niliyofundisha, wanafunzi waliniandikia kwenye mitihani kwamba bamba lenyewe linayeyuka kwa joto na kutoka kama volkano. Nilikuwa nakata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno moja: maji.

Kilimanjaro haikuzaliwa hivyo. Hapa kwetu hakuna bamba linalozama. Ganda la dunia linavutwa na kupasuka kwenye Bonde la Ufa, na uji wa moto unapanda kwa sababu huko chini mgandamizo umepungua na joto limezidi. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kuona kwamba nilikwenda kusoma kitu kingine kabisa.

Sasa lako.

Kisiwa cha Syros, huko Ugiriki, kina mawe ya rangi ya bluu iliyofifia, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Mawe hayo yalikuwa sakafu ya bahari. Yalizama kilomita 50 na zaidi, kisha yakarudi juu, jambo ambalo hutokea kwa sehemu ndogo sana ya kile kinachozama. Hakuna mtu wala mashine iliyowahi kufika kina hicho. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu, la Kola huko Urusi, lilikomea kilomita 12 na kidogo. Ukitaka kujua kinachotokea chini kule, inabidi umsubiri msafiri aliyerudi.

Mle ndani ya mawe ya bluu kuna vidoa vyeupe vyenye pembe, vimechongeka kama vigae vidogo. Umbo hilo ni la lausonaiti, madini yenye maji kama asilimia 11 ya uzito wake. Lakini ukikata kipande chembamba, unene wa sehemu 3 kati ya 100 za milimita, ukakiweka chini ya hadubini, lausonaiti yenyewe haipo. Imeondoka, umbo lake limebaki, na ndani yake wamehamia wapangaji wengine: mika nyeupe na madini ya jamii ya epidoti. Ni nyumba ile ile, ila mwenye nyumba amehama na maji yake. Mara ya kwanza nilipokiona hicho nilisimama, nikazunguka meza, nikarudi kuangalia tena. Nilitaka kujua maji yale yalitoka kwenye kina gani, kwa joto gani, yakaondoka na chumvi gani na metali gani. Shaba kubwa ya Chile imetokana na safari kama hiyo ya maji.

Nilikuwa Syros wiki ya mahafali yako ya kidato cha nne. Baba yako alikuja peke yake. Nilikuambia tarehe za safari zilipangwa na wengine, na ilikuwa kweli, lakini ningeweza kukataa na sikukataa. Nisamehe kwa hilo. Sikuwahi kulisema.

Unauliza faida. Unakumbuka 26 Desemba 2004, tulipokuwa kwa shangazi yako Dar es Salaam? Sakafu ya bahari iliteleza kule Sumatra, mahali ambapo bamba linazama, na mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi nzima yakaua watu hata kwenye pwani yetu. Jumla waliokufa walizidi 220,000. Maji yanayofukuzwa kutoka kwenye madini yana sehemu katika mambo hayo: yakibanwa kati ya mabamba mawili hupunguza msuguano, na mahali pengine bamba huteleza polepole kwa siku kadhaa na kutetemeka kwa namna ambayo hakuna mtu anayehisi. Mwaka 2002 Mjapani Kazushige Obara alionyesha mitetemo hiyo ya kina kusini-magharibi mwa Japani. Bado hatuwezi kutabiri siku ya tetemeko. Lakini bila kujua maji yako wapi, hata pa kuanzia hapapo.

Na si kweli kwamba niliiacha nchi yetu. Kwenye ukanda wa Usagara kuna eklojaiti, jiwe la ganeti nyekundu na madini ya kijani, lililokuwa sakafu ya bahari ikazama miaka bilioni 2 iliyopita. Bila Syros nisingelielewa lile la Usagara.

Lile jiwe la kahawia alilokuachia mjomba wako, wakati bado ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti, kule Mererani, usilipeleke kuchomwa. Najua likichomwa litakuwa bluu na litauzika. Tanzanaiti ni zoisaiti, ndugu wa karibu wa wale wapangaji wa Syros, na nayo ina maji, kama asilimia 2. Ilizaliwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana baada ya bahari iliyoyatenganisha kuzama. Uje nalo Desemba, pamoja na Amani. Hadubini yangu ya zamani nimeibadilisha taa, na kipande kimoja cha Syros bado ninacho kwenye boksi la biskuti, juu ya kabati.

Mama yako
Moshi