Rami ya 3200 inakimbia 2400? Usimgombeze muuzaji kwanza

Nilitoka mtaa wa Kisasa na bajaji mpaka mjini nikiwa nimefura. Jana yake nilikuwa nimenunua vipande viwili vya rami (RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta), aina ya DDR4, GB 8 kila kimoja, lebo inasema kasi ni 3200. Nimefika nyumbani, nimechomeka, nimefungua CPU-Z, programu inayosoma vifaa vya kompyuta, nakuta 1200. Nikajua nimepigwa.

Kijana wa dukani alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akanisogezea kiti. "Mzee wangu, hapo zidisha kwa mbili." Nikanyamaza. "Halafu XMP umewasha?" Sikujua hata hiyo XMP ni mdudu gani.

CPU-Z inaonyesha mapigo ya rami, na DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo. Kwa hiyo 1200 yangu ilikuwa 2400. Ukitazama kwenye Task Manager ya Windows, sehemu ya Memory, utakuta hesabu imeshazidishwa. Kumbe pengo langu lilikuwa 800, na hakuna aliyeniibia.

Ndani ya kila kipande kuna kichipu kidogo kinachobeba maelezo yake: kasi ya kawaida ambayo karibu mazabodi yoyote (bodi kuu ya kompyuta) inaikubali, na pembeni, mpangilio wa kasi ile ya kwenye lebo. Kompyuta ikiwaka inachukua ile ya kawaida. Ya lebo mpaka uiombe mwenyewe. Mpangilio huo Intel waliuleta mwaka 2007 kwa jina la XMP. Kwenye bodi za prosesa za AMD, washindani wa Intel, unaweza kukuta umeandikwa DOCP au A-XMP, na kwa DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, kuna EXPO ya AMD, iliyokuja 2022.

Kuuwasha ni kazi ya dakika mbili. Kompyuta inapoanza kuwaka, gonga Delete au F2 mfululizo uingie bayosi, yaani ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijaanza, tafuta XMP au jina lake jingine, chagua Profile 1, hifadhi kwa F10. Utaona volti za rami zimepanda kutoka 1.2 hadi 1.35. Usishtuke, kwa rami nyingi za 3200 ndivyo mtengenezaji alivyopanga.

Kwangu haikuwa dakika mbili. Skrini nyeusi. Feni zinazunguka, zinazima, zinazunguka tena. Jasho likanitoka, na joto la Novemba hapa Dodoma halihitaji msaada. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa ile betri ya CR2032, duara kama sarafu, nikakaa kama dakika tano, nikairudisha. Ikawaka, 2400 kama mwanzo.

Kosa lilikuwa uchoyo. Nilikuwa nimeiacha na rami ya zamani ya GB 4 humo ndani, haba na haba hujaza kibaba. Sasa rami zote hukimbia kwa mwendo mmoja, na ile mzee ya 2400 nilikuwa naisukuma ikimbie 3200. Nikaitoa. Zile mpya nikaziweka sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo kitabu cha bodi yangu kinavyoelekeza. Meno yake ya dhahabu niliyapitishia kifutio cha penseli taratibu, maana vumbi letu hili linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nikawasha XMP tena. 3200.

Kuwaka tu hakutoshi. Weka MemTest86, programu ya kupima rami, kwenye flashi, iache ipime usiku kucha. Yangu ilikuwa inaenda vizuri, umeme ukakatika saa kumi alfajiri, nikaanza upya kesho yake. Ikitokea hata kosa moja, shusha mpaka 3000 au 2933 upime tena. Watu wengine watakuambia usasishe bayosi, na kweli wakati mwingine inasaidia, lakini kama huna UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, usithubutu. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, bodi inaweza kufa kabisa.

Je, inafaa kuhangaika? Mimi nahariri video za send-off, na natumia Ryzen, prosesa ya AMD, ambayo mawasiliano ya ndani ya prosesa yenyewe yanafuata mwendo wa rami. Tofauti niliiona. Anayecheza gemu bila kadi ya picha ataiona zaidi, kwa sababu picha zake zinakopa rami hiyo hiyo. Anayeandika barua na kujaza Excel alale tu. Na mwenye prosesa ya Intel i5-10400 kwenye bodi ya H410 asiongeze hela kutafuta 3200, itagota 2666. Laptopu nyingi hazina hata hiyo XMP ya kuwasha.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani kununua UPS. Kijana aliponiona mlangoni tu akavuta kiti: "Mzee, leo tunazidisha au tunagawanya?"